Nilivyomfungua Mwaitu

Juzi kule Syokimau nilikataa kufunga fundo, na nadhani tangu siku hiyo wenzangu wa kazini wananitazama kama mchawi. Tulikuwa tumemwandalia msichana mmoja wa ofisini kwetu sherehe ya kumngojea mtoto, zile wanazoziita beibi shawa, zenye keki na puto na michezo ya kijinga. Katikati ya sebule wakatandika blanketi lisiloshonwa. Ni vipande viwili vya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi cha majaketi ya baridi, vimewekwa kimoja juu ya kingine na kukatwakatwa pembeni kuwa vikanda. Kila mgeni alitakiwa ashike kikanda cha juu na cha chini, avifunge pamoja, halafu amtamkie mtoto baraka. Wengine walilia. Zamu yangu ilipofika nikasema mikono yangu ina mafuta ya sambusa, nikaenda jikoni kunawa, na sikurudi mpaka wakaanza kukata keki.

Sikuwa na mafuta mikononi. Nilikuwa nimeinusa ile flisi. Kitambaa kile kikiwa kipya kina harufu yake, ya mashine na ya dawa na ya kitu kilichopigwa pasi kikafungiwa gunia, na sijawahi kuinusa nikabaki mtu mzima. Mara moja ninakuwa nimepiga magoti juu ya mkeka nyumbani kwetu Mitaboni, katika ule mwezi wa baridi ambao ukungu hauondoki mlangoni hadi mchana, na mama yangu ananiambia nikaze. Wanawake wale wa Syokimau hawana kosa. Hawakujua kwamba mimi niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote wa kitoto, kwamba fundo langu limemfunga mtu.

Mama yangu tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama. Kwa sehemu kubwa ya utoto wangu alikuwa mtu wa mwisho wa mwezi. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, akalala huko katika chumba cha kukodi na wenzake, akatujia na mkate na maumivu ya mgongo. Kazi yake ilikuwa kola. Si shati, ni kola peke yake; mwingine alishona mkono, mwingine mfuko, na shati zima lilitokea mahali fulani mbele ambako Mwaitu hakuwahi kufika. Alikuwa akisema ameshonea nusu ya watoto wa Ulaya shingo lakini mwili hajawahi kuuona. Alisema akicheka, nasi tukacheka, kwa sababu tulidhani ni mzaha.

Halafu akapata mimba, na tumbo lilipoanza kuonekana msimamizi wake akamwambia aende nyumbani apumzike. Kila mtu pale alijua maana ya kupumzika. Alirudi kwetu na godoro lake, sufuria mbili, na gunia la vipande vya flisi, vile vya riject ambavyo kiwanda kilikuwa kikitupa kwa sababu rangi imepotoka au picha imechapwa kichwa chini. Mimi nilikuwa na kama miaka minane, na mdogo wangu Mwende alikuwa hana meno ya mbele. Tuliingiza vichwa ndani ya lile gunia tukainusa kazi ya mama yetu kwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na cherehani ya kuazima kwa jirani, lakini Mwaitu hakutaka. "Sitaki kusikia mashine tena kwa maisha yangu," alisema. "Hii tutafunga na mikono. Hakuna sindano, hakuna uzi." Alikuwa amefundishwa na mwenzake wa kiwandani, ambaye naye aliona kwa Mzungu mmoja aliyekuwa amemwajiri kumfulia nguo. Akachagua kipande kimoja cha buluu isiyokolea na kingine chenye dubu waliovaa kofia. Dubu walikuwa wamechapwa kichwa chini, lakini Mwaitu alisema mtoto hajui juu wala chini, na tena ukilala chali utawaona wamesimama sawa.

Tulivitandaza juu ya mkeka, migongo ikitazamana, tukavilainisha kwa viganja mpaka pasiwe na mkunjo. Akakata pembe nne zikatoka kama madirisha madogo, kisha akaanza kukata vikanda pembeni, upana wa vidole viwili na urefu wa kidole chake cha kati. Mkasi ulikuwa butu, ukila kitambaa kwa sauti ya ng'ombe anayetafuna. Manyoya yaliruka yakatushika midomoni na kwenye kope, Mwende akapiga chafya akafurahi, akajilazimisha kupiga nyingine. Kazi ya kufunga ikawa yetu sisi watoto: cha juu na cha chini, kulia juu ya kushoto, halafu tena. "Kaza," Mwaitu aliniambia, "lakini usinyonge. Ukinyonga itakunjamana." Mafundo ya Mwende yalikuwa yamelegea kama kamba za viatu vyake. Ya kwangu yalikuwa magumu kama mbegu. Mwaitu alipitisha kidole juu yake akasema, "Huyu ako na mkono wa kukaza," na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Sijui kama niliwahi kumwona mama yangu akiwa na furaha kama siku zile. Aliketi miguu imenyooshwa, tumbo limemjaa mapajani, akitutazama tukifunga, na mara kwa mara alilivuta blanketi kwake na kulipima usoni. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokifanya kikaisha mikononi mwake. Na alizungumza na tumbo. Alikuwa amekwisha kulipa jina. "Muthoka, sikia dada zako wanakufungia," alisema. Muthoka lilikuwa jina la babu yetu, baba ya Baba, aliyekuwa amekwisha kufa. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu huyo, na Mwaitu alikuwa na wasichana wawili tu, na nyumba yenye wasichana watupu, mbele ya ukoo wa mume, ni nyumba ya mgeni aliyekaa sana. Haya sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba Muthoka asipokuja, Mwaitu atasikitika mno, na kwamba blanketi lile lilikuwa njia ya kumwita.

Susu, bibi yetu mzaa Baba, aliishi nyumba ya pili katika boma hilohilo. Alikuja siku moja na kikapu cha kunde, akasimama mlangoni akitazama ile rangi yote sakafuni.

"Nikyau kii?" akauliza. Hiki ni nini.

"Ni blanketi ya Muthoka, Susu," nikamjibu kwa mbio, kabla Mwende hajaninyang'anya habari.

Susu alimtazama Mwaitu, halafu akatazama pembeni, akaanza kutoa kunde moja moja kikapuni na kuziweka mezani bila sababu. Nilidhani ameguswa kwa kusikia jina la mume wake. Nikamwonea huruma, masikini ya Mungu.

"Mtoto hajafika, mshaanza kumfungia," akasema mwishowe. "Na mafundo yote hii, na mwanamke ako na mimba? Mnamfunga."

Mwaitu alicheka. "Mama, hii ni blanketi tu."

"Mimi nimesema."

Akaenda zake na kikapu kitupu. Mwaitu akatukonyeza tuendelee. Mimi niliendelea, lakini nilipunguza kukaza kidogo, kisha nikaona mafundo yanakuwa mabaya kama ya Mwende, nikarudia kukaza.

Baba wakati huo alikuwa Masii. Alikuwa mfanyabiashara wa ndengu na mahindi, na Masii ndiko alikopata wateja, kwa hiyo alilala huko siku za soko na siku nyingine nyingi ambazo sisi tuliambiwa ni za barabara mbaya. Barabara ya Masii ilikuwa mbaya kweli utotoni mwangu. Iliharibika hata wakati wa kiangazi.

Mwaitu aliposhikwa na uchungu, jirani mwenye pikapu alimpeleka hospitali mjini Machakos, Susu akiwa amemshikilia nyuma, na Baba akatumiwa ujumbe. Blanketi lilikuwa limekwisha, limekunjwa kitandani. Mwaitu aliondoka bila kulichukua, sijui ni kwa haraka au ni kwa ajili ya Susu. Nililichukua mimi nikalala nalo. Ukijifunika na kujifunua kwa haraka gizani, flisi ile ilitoa cheche ndogo ndogo za buluu, na mimi na Mwende tulikubaliana kwamba huyo ni Muthoka anatusalimia.

Walirudi kesho yake alasiri, Susu na Baba, bila Mwaitu. Waliingia jikoni kwa Susu wakaketi. Hakuna aliyetuita. Niliingia na mzigo wa kuni nijifanye nina kazi, nikamkuta Baba ameinamisha kichwa, na Susu anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Susu, Muthoka amekuja?"

"Mtoto ameenda," akasema Susu. "Alitoka bila kulia."

"Na Mwaitu?"

"Mwaitu wako ako sawa." Akasukuma kuni ndani. "Lakini wamemfunga. Hatazaa tena. Enda uwekee kuku maji."

Wamemfunga. Leo ninajua vizuri alichosema. Mtu yeyote wa rika langu aliyekua kwetu anajua mwanamke akifungwa ni nini: madaktari wamemfunga kizazi, mirija yake imefungwa, basi. Ni maneno ya kliniki, husemwa hivyohivyo sokoni na kanisani. Lakini mimi nilikuwa na miaka minane na vidole vyenye malengelenge ya kukaza mafundo, na neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa Susu huyohuyo, mlangoni petu, juu ya mkeka wetu. Mnamfunga, alisema wakati ule. Sasa alisema wamemfunga. Nilifikiri amelibadilisha kwa kunihurumia, asinitaje mbele ya Baba. Niliona ni wema mkubwa sana. Nilienda kwa kuku nikasimama pale na kopo la maji mkononi.

Nilianza kufungua siku hiyohiyo. Ilinichukua siku nyingi, kwa sababu mafundo ya flisi yakishalaliwa hujishika, manyoya yanaingiana. Ya Mwende yalifunguka kwa kuvuta tu, akawa ananitania kwamba yake ni mazuri. Kila fundo gumu lilikuwa langu. Nilitumia kucha, nikatumia meno mpaka ladha ya flisi ikakaa kinywani hata nikila ugali, nikaiba sindano ya Baba ya kushonea magunia nikawa napenyeza ncha katikati na kutikisa. Mwende alileta kisu. Nikamfukuza. Kukata si kufungua, nilijua hilo bila kuambiwa, na kama ningekata basi Mwaitu naye angekatwa mahali. Nilifungua kabla ya shule na baada ya shule, nimejificha nyuma ya ghala, na kila lilipoachia moja nilihesabu kwamba pale Machakos, kitandani hospitalini, kuna kitu kimelegea ndani ya mama yangu.

Aliletwa na pikapu ileile. Alikuwa amejifunga leso tumboni, anatembea ameinama, na blauzi yake imelowa maziwa mbele mahali pawili. Susu alimlaza. Nilingoja Susu atoke, kisha nikaingia na vipande vyangu viwili, cha buluu na cha dubu, kila kimoja peke yake, vikanda vimesokoteka na kubaki na alama pale fundo lilipokuwa. Niseme ukweli, nilitazamia kusifiwa.

"Mwaitu, nimekufungua."

Akageuza kichwa. "Umefungua nini?"

"Wewe. Susu alisema umefungwa. Nimefungua yote, hata ile ya kwenye kona. Hakuna imebaki."

Alinitazama, akaviangalia vile vipande, akanitazama tena. Nilimwona akielewa. Kwanza akacheka, kicheko kibaya, amejishika mshono kwa mikono miwili, akisema "aiya, aiya" kwa maumivu. Halafu kicheko kikageuka, na mdomo wake ukabaki wazi bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa sababu alikuwa chali. Sikujua mtu anaweza kulia namna hiyo. Nilisimama tu na matambara yangu.

Alipotulia akanifuta mimi uso, ingawa aliyelia ni yeye. "Sawa," akasema. "Enda umwambie Susu nimefunguliwa."

Nikaenda. Nilimkimbilia Susu jikoni nikampa ujumbe kama ulivyo: Mwaitu anasema amefunguliwa. Susu akatema mate kando akasema mama yangu amechanganyikiwa na nisirudie upuuzi huo. Nilirudia. Niliwaambia watoto wa darasani, nikamwambia mama muuza mandazi, nikamwambia jirani wa pikapu. Watu wazima walitazamana juu ya kichwa changu. Mimi nikawa mlinzi wa tumbo la Mwaitu. Kila alipovaa sweta nene nilimzunguka kumtazama kwa ubavu. Hakuniambia niache. Mara nyingine nafikiri alipaswa kuniambia, kwamba neno moja tu la mtu mzima lingeniondolea aibu iliyokuja. Lakini mwenyewe alikuwa haongei. Alivichukua vile vipande viwili, akakata vikanda vyote kwa ule mkasi butu, akampa Mwende cha dubu na mimi cha buluu tujifunike. Gunia lililobaki akalipeleka kwa mtu. Jina la Muthoka halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Likatajwa na Baba. Ilikuwa baada ya mvua na mavuno, mchana wa jua, sisi tumefunga shule. Baba aliingia bomani kwa miguu, ameshika mkono wa mtoto wa kiume na begi dogo begani. Mtoto alikuwa na viatu vipya, kamasi zimekauka, na miguu ya kutembea yeye mwenyewe. Susu alitoka kwake akapiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa leso.

"Watoto, kujeni," Baba akasema. Hakututazama. "Huyu ni ndugu yenu. Mama yake ameolewa mbali huko, atakaa na sisi. Anaitwa Muthoka."

Ninaandika sentensi hii kwa shida. Nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sikuona umri wake, au niliuona nikaupatia maelezo: amechelewa, kwa sababu mimi nilichelewa na yale mafundo, na huko alikokuwa akingoja amekua, ameota meno. Nilimwacha Baba na maneno yake nikakimbia nyumbani. Mwaitu alikuwa ameketi sakafuni akipukuchua mbaazi kwenye ungo.

"Mwaitu! Mwaitu! Muthoka amekuja! Si nilikuambia nimekufungua?"

Sijawahi kumwona mtu akisimama polepole namna ile. Mbaazi zilimwagika mapajani mwake zikatawanyika chumba kizima, na mimi nikawa nazikanyaga nikiruka ruka. Alinipita akatoka nje. Alimtazama mtoto tangu viatu hadi kichwani. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza bei ya nyanya, "Anaitwa nani?"

Baba akakohoa. "Muthoka."

"Ako na miaka ngapi?"

Susu ndiye aliyejibu, akiwa ameinamisha macho. "Ni mdogo kwa Mwende kidogo tu."

Hapo hata mimi niliacha kuruka. Mwende alikuwa mkubwa wa kutosha kuwa shule. Nilikuwa najua hesabu ya kutosha kujua kwamba mtoto huyu alikuwa akitembea na kuitwa Muthoka wakati sisi tunapiga magoti mkekani. Jina tulilokuwa tukiliitia tumboni lilikuwa na mwenyewe tayari, ana viatu, anakula ndengu Masii. Na Susu alikuwa akijua, na alipozitoa zile kunde moja moja alikuwa anatafuta pa kuweka macho.

"Nilikusikia," Mwaitu akamwambia Baba. "Pale hospitali. Ulidhani nimelala. Daktari alikuuliza pale mlangoni kama wanifunge, ukasema mfungeni tu, si ako na watoto. Nikajiambia, huyu mwanaume ananipenda kushinda mtoto wa kiume. Mpaka leo nimekuwa nikijiambia hivyo."

"Walisema ukibeba mimba ingine utakufa!" Baba akapandisha sauti. "Ulitaka niseme nini? Nilikuokoa!"

"Ni mimi ningekufa. Si wangeniuliza mimi."

"Ulikuwa umeishiwa damu, wakuulize nini?"

"Wangeniuliza," akasema Mwaitu. "Nilikuwa macho."

Mtoto alianza kulia. Alikuwa ameshikwa mkono muda mrefu na jua linamchoma. Mwaitu aliuchukua mkono ule kutoka kwa Baba, akampangusa kamasi kwa upindo wa leso yake, na kabla hajaingia naye ndani akageuka.

"Huyu atakula. Hajanikosea. Wewe tafuta penye utakuwa ukikula."

Baba alicheka, akamtazama Susu ili acheke naye. Lakini jioni hiyo Mwaitu alipakua sahani ya Susu, yetu mimi na Mwende, ya Muthoka, na yake, akageuza sufuria ikabaki chini juu. Kesho yake vilevile. Kwetu mwanamke anaweza kumnunia mume mwezi mzima na watu wasijue, lakini sahani ikikosekana hakuna cha kuficha, hata ndege wanajua. Wazee wa ukoo walikuja wakaongea. Mchungaji alikuja. Mwaitu aliwapikia wote chai, akawasikiliza, akawaitikia vizuri, na jioni akapakua kama jana. Hakumtukana Baba. Alimfulia, alimpigia pasi, alimwombea kanisani. Alimlea Muthoka bila ubaguzi, na mpaka leo Muthoka akimwita Mwaitu huwezi kujua hakutoka tumboni mwake. Chakula tu ndicho kilichokwisha.

Watu wakihadithia kisa hiki huko nyumbani humsifu. Wanawake wa rika langu wanapenda sana sehemu ile ya sufuria kugeuzwa. Nami nilikuwa nikiwasimulia hivyo, nikapigiwa makofi. Lakini mwanamume hakai na njaa katika boma lenye watu. Susu alimpikia Baba kwa muda, kisha macho yake yakashindwa na moshi. Baba alijaribu hoteli za sokoni akachoka. Jioni moja aliingia jikoni kwetu, Mwaitu akiwa ameketi palepale kwenye kigoda chake karibu na mlango akichambua mboga, akaniambia mimi, "Wewe ni msichana mkubwa sasa. Washa moto unisongee ugali."

Nilimtazama Mwaitu. Nilingoja aseme hapana, mtoto ana homuwaki ya shule, ama aseme lolote lile. Aliendelea kuchambua mboga. Nikawasha moto. Ugali ule ulikuwa na vidonge vya unga mbichi katikati, Baba akala wote, na kuanzia hapo kazi ikawa yangu, shule ikifunguliwa na ikifungwa, wakati wa mtihani na wakati wa homa, mpaka nilipoondoka kuolewa. Mwende akaipokea.

Ninamwelewa Mwaitu. Kwa yote aliyofanyiwa, hicho ndicho kitu kimoja alichoweza kukataa, na alikikataa mpaka Baba akaingia kaburini. Sina neno la kumlaumu ambalo naweza kulisema mbele za watu. Ila jikoni kwetu kulikuwa kufinyu, na ili kumpelekea Baba chakula ilinibidi nipite pale mlangoni alipoketi. Kila jioni nilipita na sahani ya moto mkononi, naye alivuta mguu wake kidogo nipate njia, macho kwenye mboga, na hakuniuliza hata siku moja kama ninataka.